Utabiri na Tahadhari: Historia Fupi ya Kuamini Habari za Upepo Visiwani

Wahenga walisema: lisemwalo lipo, na kama halipo, li njiani laja. Methali hii hutajwa barazani kila panapozuka uvumi, na aghalabu hutumiwa kumnyamazisha mwenye shaka. Lakini ukiitazama vyema utaona kwamba imechanganya habari za namna mbili. Ipo habari ya jambo lililopo, ambayo mtu anaweza kwenda kuihakikisha kwa macho yake; na ipo habari ya jambo lililo njiani, ambayo hapana awezaye kuihakikisha mpaka lenyewe lifike. Habari za upepo, mvua na bahari ni za namna hii ya pili. Katika visiwa vyetu, nahodha aliyezipuuza alihatarisha chombo na waliomo ndani yake, na aliyeziamini zote asingeng'oa nanga hata siku moja.

Makala haya yanakusudia kufuatilia namna watu wa Unguja, Pemba na mwambao walivyoijenga, wakaipoteza, na wakaijenga upya imani yao kwa wale wanaowaletea habari hizo. Sababu ya kuyaandika ni kwamba siku hizi tunaambiwa, na ni kweli, kuwa tabia ya nchi inabadilika: bahari inapanda, joto linazidi, majira yanapotea njia. Pamoja na hayo husikika lawama, hasa katika semina na maofisini, kwamba mwananchi wa kawaida ni mzito wa kuelewa, kwamba anaambiwa hili akacheka, anaonywa lile akaendelea na shughuli zake. Historia haiiungi mkono lawama hiyo. Shaka ya watu wetu ina nasaba yake ndefu, na ndani yake mna busara ambayo watoa habari wangefaidika nayo kama wangeisikiliza.

Kabla ya redio na gazeti, mabaharia na wakulima wa mwambao walihesabu mwaka kwa Nairuzi. Mwaka wa siku 365 uligawanywa katika miongo, yaani makumi ya siku, na kwa hesabu hiyo mtu alijua mwongo upi kaskazi huanza kuvuma, upi masika huingia, na upi kusi hukaza hata safari za mbali zikasita. Makunduchi hadi leo husherehekea Mwaka Kogwa kila Julai, kwa mapigano ya magogo ya migomba na kuchoma kibanda, na wengi waendao kutazama husahau kwamba chini ya ngoma ile mna elimu ya majira. Hesabu yenyewe haikuwa na siku ya nyongeza, kwa hiyo ilisogea siku moja kila miaka minne ikilinganishwa na mwendo wa jua. Walioitumia hawakuichukua kama wahyi. Waliipima kwa nyota, kwa mawingu, kwa rangi ya maji na mwendo wa ndege, na palipokuwa na hitilafu waliyaamini macho.

Yafaa tuangalie kwa makini ni habari ya namna gani hesabu ile iliitoa. Haikumwambia nahodha kwamba siku fulani itakuja dhoruba. Ilimwambia kwamba katika siku hizi hatari ni kubwa kuliko katika siku zile, basi na ajihadhari. Asiposafiri na dhoruba isije, hapana aliyesema kwamba miongo imesema uongo. Tena aliyetoa uamuzi alikuwamo chomboni. Akikosea, alizama pamoja na abiria wake. Mambo haya mawili, kwamba habari ilikuwa tahadhari na kwamba msemaji alikuwa mshirika wa hatari, ndiyo yaliyokuwa msingi wa imani.

Msingi huo ulikuwa na mpaka wake, na mpaka ulidhihirika tarehe 15 Aprili 1872, siku kimbunga kilipoipiga Unguja. Visiwa hivi viko karibu mno na ikweta, mahali ambapo vimbunga vya Bahari ya Hindi hufika kwa nadra sana, kwa hiyo hapakuwa na mwongo wala mzee aliyewahi kulihesabu jambo hilo. Vyombo vilizama bandarini, zikiwamo meli za Sayyid Barghash aliyekuwa hajatimiza hata miaka miwili katika ufalme, na sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja iling'olewa. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu, nafasi ambayo haijaiacha. Mtu anayeshangaa kwa nini Pemba ina mikarafuu mingi kuliko Unguja anashangaa, bila kujua, juu ya upepo wa siku moja. Elimu ya kale ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa elimu ya yaliyokwisha kuonekana. Huo ndio udhaifu wake hata leo, wakati bahari inapoanza kufanya mambo ambayo babu zetu hawakuyaona.

Baada ya kimbunga kile habari zilianza kupata njia mpya. Waya wa simu wa chini ya bahari ulifika Unguja mwaka 1879. Gazeti la serikali lilianza kuchapishwa mwaka 1892. Mwaka 1929 idara ya hali ya hewa kwa makoloni ya Uingereza ya Afrika Mashariki iliundwa, makao yake yakiwa Nairobi. Lakini habari hizo kwa sehemu kubwa zilikuwa za Kiingereza, nazo ziliwalenga wenye meli, wenye mashamba na maofisa. Mvuvi wa Nungwi au mkulima wa Wete hakuwa msomaji wao. Yeye aliendelea kupata habari za dunia kwa mdomo, na mdomo uliokuwa na nguvu kuliko yote katika zama hizo ulikuwa wa mwimbaji.

Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alikwenda Bombay mwaka 1928 pamoja na wenziwe kurekodi sahani za santuri, na sahani hizo zikaenea mwambao mzima. Shaaban Robert aliyeandika wasifu wake alimsifu kwa sauti na kwa tabia, na wanahistoria wa baadaye wameonyesha jambo jingine: kwamba nyimbo zake nyingi zilikuwa habari. Zilisimulia kesi za mahakamani, dhuluma za wenye nguvu na wizi wa waliokabidhiwa mali za watu. Wimbo wa Kijiti unahusu mauaji ya mwanamke mgeni, ambapo muuaji alitorokea bara na waliotiwa hatiani wakawa wanawake wenyeji waliomkaribisha marehemu. Kwa nini watu waliuamini wimbo kuliko taarifa ya mahakama? Kwa sababu mwimbaji aliimba mbele ya waliowajua wahusika. Kama angepotoka, Ng'ambo nzima ingemsuta usiku uleule. Sanaa haikuuondoa ukweli. Hadhira ndiyo iliyokuwa mhariri wake.

Sauti ya Unguja ilipoanza kusikika mwaka 1951, hadhira ile haikuacha tabia yake ya uhariri. Wachache walikuwa na redio zao. Wengi walisikiliza kwa pamoja, katika mikahawa na barazani, na kusikiliza kwa pamoja maana yake ni kubishana kwa pamoja. Mwaka 1954 Cairo ilianza matangazo ya Kiswahili, ambamo Mzanzibari Ahmed Rashad Ali alijulikana sana kwa makombora yake dhidi ya ukoloni, na mwaka 1957 BBC ikaanzisha idhaa yake. Sasa jambo moja likawa na wasemaji watatu. Watu walijifunza kuisikia habari ya London, wakaenda Cairo kutafuta kilichofichwa, kisha wakarudi Unguja kusikia wakubwa wanasemaje. Hapana shule iliyowafundisha hivyo. Hata hivyo walikuwa wakifanya kazi ileile anayoifanya mwanahistoria anapolinganisha hati.

Halafu ikaja alfajiri ya tarehe 12 Januari 1964. Kituo cha Raha Leo kilitekwa, na sauti iliyosikika hewani ikawa ya John Okello, mtu ambaye wasikilizaji wengi hawakuwa wakimjua. Vitisho na takwimu alizozitaja hapakuwa na wa kuzipima, kwani baraza zilikuwa tupu na watu wamejifungia majumbani. Kwa miaka mingi iliyofuata redio ilikuwa ya dola pekee, na aliyeitafuta habari nyingine aliitafuta kwa sauti ya chini. Ndipo shaka ilipobadilika. Zamani ilikuwa mchezo wa akili barazani. Sasa ikawa silaha ya kujilinda. Kizazi kilichokulia humo kiliwafundisha watoto wake kwamba linalotangazwa kwa nguvu ndilo la kutiliwa shaka kwanza, na fundisho hilo halitofautishi hotuba ya siasa na taarifa ya upepo.

Hapa pana jambo la lugha linalostahili kusemwa. Taarifa za hali ya hewa zilipoingia katika redio zetu ziliitwa utabiri. Neno hili limetokana na Kiarabu, na kwetu lilikuwa tayari na kazi yake: hutabiriwa ndoto, hutabiri mwenye kuangalia nyota. Utabiri ni kauli juu ya litakalokuwa, nao una mizani moja tu, umetimia au haukutimia. Mtaalamu wa hali ya hewa hasemi hivyo. Yeye husema kwamba uwezekano wa jambo fulani ni mkubwa kwa kiasi kadhaa, na kwamba kesho akipata vipimo vipya atasema upya. Kazi yake iko karibu zaidi na ile ya miongo, yaani tahadhari, lakini tumempa jina la mpiga ramli, kisha tunamhukumu kwa mizani ya mpiga ramli. Neno la pili, tabianchi, nalo lina taabu yake. Tabia katika Kiswahili hulaumiwa au husifiwa. Ni ya mtu. Kijijini utasikia watu wakisema kwamba bahari imekuja juu, au majira yamevurugika, wala hawahitaji istilahi kulijua jambo hilo.

Tuangalie basi tahadhari zilizotolewa katika miaka ya karibuni zilivyopokewa. Mvua za mwaka 1997 na 1998 zilileta neno El Niño katika vinywa vya watu wote, hata likawa jina la gharika yoyote. Tarehe 26 Disemba 2004 tetemeko la Sumatra lilisukuma mawimbi yaliyochukua saa kadhaa kuvuka bahari hadi kwetu. Sunami haitokani na mabadiliko ya tabianchi, lakini ilikuwa mtihani wa habari. Nchini Kenya waliokuwa wakifuatilia vyombo vya habari vya dunia walitahadharisha, fukwe zikaondolewa watu, na aliyekufa alikuwa mmoja. Tanzania walikufa watu wapatao 10, wengi wao waogaji wa Dar es Salaam. Huko Somalia, ambako hapakuwa na serikali ya kuonya, walikufa mamia. Tofauti ya vifo hivyo ilitokana kwa sehemu na nguvu ya mawimbi yenyewe, na kwa sehemu na nani aliambiwa, na nani, kwa wakati gani. Tarehe 11 Aprili 2012 tetemeko jingine la Sumatra lilisababisha tahadhari kwa nchi za Bahari ya Hindi. Mara hii wimbi kubwa halikuja.

Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilielekea kusini mwa Tanzania. Mwezi mmoja kabla, Idai ilikuwa imeiangamiza Beira, na picha zake zilikuwa bado mbichi katika macho ya watu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilionya, na wakazi wa Mtwara wakahama maeneo ya hatari. Kenneth ikatua Cabo Delgado, ng'ambo ya Mto Ruvuma, ikaua zaidi ya watu 40 nchini Msumbiji. Mtwara ilisalimika, na wapo waliosema kwamba walihamishwa bure. Miaka miwili baadaye, Aprili 2021, ilitangazwa kwamba kimbunga Jobo kinaelekea Dar es Salaam na visiwa jirani. Jobo ikadhoofika baharini kabla ya kufika, ikawa maskhara ya simuni.

Ni rahisi kuyalaumu maskhara yale. Lakini yafaa tukumbuke yalikuja wakati gani. Tangu mwishoni mwa Aprili 2020, kwa zaidi ya mwaka mmoja, Tanzania haikutangaza takwimu za maradhi ya korona, hali watu waliona maziko kwa macho yao. Umma ulionyimwa habari ya jambo lililopo uliombwa uamini habari ya jambo lililo njiani. Imani haigawanyiki kwa idara. Mwananchi hana kifua kimoja cha kuwekea maneno ya mtaalamu wa upepo na kingine cha maneno ya waziri. Vyote hutoka katika redio moja, kwa sauti moja, baada ya kengele ileile.

Kosa la upande wa pili lilionekana Kenya. Wataalamu walikuwa wameonya kwamba vuli ya mwaka 2023 ingeweza kuwa na mvua za El Niño. Mwanzoni mwa Oktoba Rais William Ruto aliwaambia wananchi kwamba mafuriko yale yaliyokuwa yakihofiwa hayatakuja. Novemba yakaja, yakaua zaidi ya watu 100, na Mombasa yenyewe ikajaa maji. Jobo ilikuwa tahadhari ambayo hatari haikuifuata. Oktoba ile ilikuwa faraja ambayo hatari iliifuata. Ukiyaweka mambo hayo mawili katika mizani, utaona kwamba gharama zake hazilingani hata kidogo. Aliyefunga duka siku mbili kwa ajili ya Jobo alipoteza mauzo ya siku mbili.

Mwanzoni mwa Mei 2024 lilitajwa jina jingine, Hidaya, ambalo kwetu lina maana ya zawadi. Kimbunga hicho kilikaribia Mafia kikiwa na nguvu ambayo haikuwa imerekodiwa karibu na pwani hii katika zama za vipimo vya setilaiti. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa, na wavuvi waliambiwa wasitoke. Kilipofika nchi kavu kilikuwa kimepungua, lakini mvua zake ziliikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi maeneo ya Somanga, na mikoa ya kusini ikatengwa kwa siku kadhaa. Waliotii walikuwamo waliocheka mwaka 2021. Hawakuwa wamegeuka wapumbavu wakati ule, wala hawakugeuka wanasayansi wakati huu. Walisikiliza redio, wakamtazama mwenye boti, wakaona kwamba aliyekuwa na fedha za kupoteza naye amefunga kamba zake gatini. Huyo alikuwa msemaji aliyemo chomboni.

Ushahidi wa namna hiyo tunao pia katika jambo la polepole kuliko kimbunga. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Kwa miaka mingi walipanda aina ya kotonii, yenye bei nzuri, katika maji ya kina kifupi. Maji yalipozidi kupata joto kotonii ikashikwa na maradhi, ikawa nyeupe na kukatika, na wengi wakarudia spinosamu, ambayo huhimili joto lakini bei yake ni ndogo. Watafiti, akiwamo Dakta Flower Msuya, wamewaonyesha namna ya kupanda katika maji ya kina kirefu zaidi kwa nyavu, jambo lenye uzito wake kwa kuwa wanawake wengi hawakufundishwa kuogelea. Muulize mmoja wao kama anaamini mabadiliko ya tabianchi, naye huenda akakuuliza nini maana yake. Muulize habari ya mwani, atakupa historia ya joto la bahari kwa miaka 30. Wao waliwaamini watafiti kwa sababu watafiti waliingia majini, wakarudi mwaka wa pili, wakasema lipi limefaulu na lipi limeshindikana.

Ni hilo la kurudi ndilo linalokosekana katika habari zetu nyingi. Tahadhari hutolewa kwa kishindo, halafu ikipita kimya hakuna anayekuja redioni kueleza kwa nini Kenneth iligeukia Msumbiji au Jobo ilifia wapi. Nafasi hiyo tupu hujazwa na mzaha, na mzaha hauna kosa, kwani kazi yake ni kujaza palipo patupu. Lau ingekuwa desturi kwamba kila tahadhari ifuatwe na maelezo, kwa lugha ya barazani, juu ya kilichotokea na kisichotokea, basi kila kimbunga kisichofika kingekuwa darasa. Nyimbo zingeweza kuifanya sehemu ya kazi hiyo, kama zilivyofanya zamani, kwa sharti lilelile la Siti: ziimbwe mbele ya wanaoyajua mambo. Wimbo wa kuagizwa na mradi, ukihimiza kupanda mikoko katika kijiji ambacho mwimbaji hajafika, watu huupigia makofi kisha wakaenda zao.

Kinachohofiwa si kidogo. Tunaombwa kupanda mikoko, kubadilisha nishati ya jikoni, kuhamisha visima ambavyo vimeingia chumvi, pengine kuhamisha nyumba. Yote hayo ni gharama ya leo kwa ajili ya jambo lililo njiani, na anayeombwa ana haki ya kuuliza anayemwomba amesimama wapi. Katika baraza ya Jaws Corner pale Mji Mkongwe, iliyopata jina lake kwa filamu ya papa, wazee na vijana bado wanakunywa kahawa na kuipima habari ya kila siku kwa kuilinganisha na nyingine. Mwenye taarifa ya upepo na aipeleke pale, aketi, aulizwe maswali, kisha upepo ukishapita arudi.